Anayetoka Alfajiri

Mume wangu alipokuwa hai, sikujua kukosa usingizi ni kitu gani. Nilijilaza, nikageuka upande mmoja, na nilipofumbua macho tayari mwanga ulikuwa kwenye nyufa za dirisha. Watu waliolalamika kwamba hawalali niliwahesabu kuwa ni watu ambao hawakulima vya kutosha. Mjukuu wangu anayeandika haya ameniuliza kama kweli aandike hivyo. Nimemwambia aandike, kwa sababu ndivyo nilivyoamini.

Aliyeamka mapema nyumbani kwetu alikuwa yeye. Aliamka giza likiwa bado limelala juu ya mibuni, akatoka, na niliporejewa na fahamu zangu alikuwa amekwisha kuzunguka shamba na kurudi na umande magotini. Alitoka vipi kitandani, alifungua vipi mlango, alipita wapi, sikuwahi kujua. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kuwa macho saa hiyo.

Tunaishi Iyula, kwenye kahawa na mahindi. Nyumba yetu inaelekeana na nyumba ndogo ya mwanangu, na katikati kuna uwanja na jiko. Mwanangu anafanya kazi Tunduma, upande wa mpakani, na huja nyumbani anapopata nafasi. Mke wake hubaki na sisi. Ni binti wa milimani Ileje, mrefu, mpole wa maneno, mwepesi wa jembe.

Huku kwetu Mbozi mwiko wa mkwe na baba mkwe umelegea. Siku hizi utamkuta mkwe anammiminia baba mkwe chai na kumuuliza kama sukari imetosha. Kwa ukoo wa binti huyu mwiko haukulegea hata kidogo. Hakumtazama mume wangu usoni. Hakumwamkia. Hakutaja jina lake, wala hakukaa chini ya paa alimokaa yeye. Wakikaribia kukutana njiani, aliingia kwenye mibuni akageuza uso mpaka mzee apite. Majirani walicheka. Mume wangu hakucheka. Alisema, "Huyu amelelewa," na tangu hapo wote wawili walikuwa na utaratibu wao wa kupishana asubuhi, mkwe akifagia uwanja na mzee akitoka kwenda shambani. Utaratibu huo ulikwendaje, sikuuliza. Ulikuwa wa kwao.

Alifariki mahindi yakikauka shambani. Tulimzika mwisho wa shamba la kahawa, karibu na baba yake. Watu walikuja, wakala, wakaimba, wakaondoka, na baada yao likaja baridi la mwezi wa sita.

Hapo ndipo usingizi uliponiacha. Haukuniacha wote, na hilo ndilo lililonitesa. Nilipolala tu baada ya chakula ulikuja vizuri kama zamani, ukanidanganya, kisha ukakatika ghafla kama kamba ya ndoo kisimani, nami nikabaki chini. Nilikuwa macho katikati ya giza ambalo sikuwahi kulifahamu. Nilisikia mabati yakialika kwa baridi. Nilisikia ng'ombe akishusha pumzi zizini. Upande wa pili wa kitanda palikuwa baridi, na nilikuwa nimezoea kwamba saa hiyo pawe baridi, kwa kuwa yeye ameamka. Basi mwili wangu ulidanganyika. Kila siku ulijua kwamba ametoka na kwamba atarudi. Kila siku ilinibidi niuambie mwili, mfupa kwa mfupa, kwamba harudi. Mpaka nimalize kazi hiyo jogoo alikuwa amewika, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko nilivyolala.

Nilivumilia mpaka nikaanguka shambani nikiwa na jembe mkononi. Ndipo nikaenda zahanati. Muuguzi alikuwa kijana, lakini alinisikiliza.

"Bibi, kahawa unakunywa?"

"Kahawa tunauza, binti. Tunakunywa chai."

"Mchana unalala?"

"Mchana nalima. Wewe unalala mchana?"

Akacheka, akaandika kitu chake. Kisha akaniambia nisibaki kitandani kupigana na usingizi, kwa sababu mtu hawezi kuupiga. Nichague saa moja ya kuamka na niishike hiyo hiyo, nimelala au sikulala. Nitoke nje, nitembee, mwili ujue kwamba siku imeanza. Baada ya muda usingizi utajipanga wenyewe.

"Saa ipi?" nikamuuliza.

"Saa ambayo nyumba yenu imezoea."

Nyumba yetu ilikuwa na saa moja tu ya kuamka, nayo ilikuwa ya marehemu.

Basi nilianza. Usingizi ulipokatika, sikungoja tena. Niliamka nikiwa kama nimebeba mtu mgongoni, macho yamejaa mchanga, nikapapasa ukutani. Koti la mume wangu lilikuwa limetundikwa karibu na mlango, na la kwangu halikufaa kwa baridi ile. Nikalivaa. Gambuti zake zilikuwa chini yake, na umande wa mwezi wa sita hauingiwi na ndara. Nikazivaa. Fimbo niliichukua kwa ajili ya mbwa wa jirani. Nikainua komeo, nikatoka.

Yeyote asiyejua alfajiri ya Mbozi wakati wa baridi, na ashukuru. Ukungu hukaa uwanjani kama mgeni ambaye hakukaribishwa na haondoki. Mibuni huonekana kama watu waliosimama bila kusema. Nilitembea hadi kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, nikagusa turubai iliyofunika, nikaenda zizini, nikaenda hadi mpaka wa shamba nikarudi. Kifua kiliniuma kwa baridi. Nilijihisi kwamba naishi saa ya mtu mwingine, na kwamba mwenyewe akirudi atanikuta ndani yake.

Na kila niliporudi uwanjani palipopambazuka, niliukuta uwanja umefagiwa nusu. Nusu ya upande wa nyumba ndogo ilikuwa safi, ina mistari ya ufagio. Nusu ya upande wangu ilikuwa na majani. Ufagio ulikuwa umetupwa palepale kazi ilipokatika. Mkwe wangu hakuonekana. Siku ya kwanza nilinyamaza. Siku zilizofuata sikuwa na sababu ya kunyamaza.

"Kwenu mnafagia nusu nusu?" nilimuuliza, akiwa amejificha nyuma ya jiko. "Nusu ya pili anafagia nani, kuku?"

"Nitamalizia, mama."

"Sikuulizi kama utamalizia. Nakuuliza kwa nini unaacha."

Akainama. "Nisamehe, mama."

"Unanikimbia?"

"Hapana, mama. Siwezi kukukimbia wewe."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, neno kwa neno, lakini sikulielewa.

Alikuwa na mimba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika mwaka uliotangulia, na hii tuliilinda sote bila kuitaja sana, kama mtu anayebeba maji katika majani. Angekuwa ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile ndogo. Sasa nilimwona anapungua badala ya kuongezeka. Macho yaliingia ndani. Aliacha kula ugali, akala viazi viwili akasema ameshiba. Mchana nilimkuta amesimama katikati ya kazi, kikapu kiunoni, anasinzia wima. Alipopimwa zahanati tuliambiwa damu imeshuka, na kwamba mama asiyelala hawezi kutunza mtoto. Muuguzi alitazama kutoka kwake kuja kwangu.

"Nyumba yenu hamna anayelala?" akasema.

Mwanangu akapiga simu kutoka Tunduma. Kelele za malori zilikuwa nyuma ya sauti yake.

"Mama, mwenzangu anataka kwenda kwao Ileje."

"Mtoto wa kwanza kuzaliwa kwa mama wa mkeo si vibaya. Lakini muda bado."

"Hasemi kwenda kujifungua. Anasema kwenda. Mama, umemfanya nini?"

"Nimemwambia afagie uwanja wote."

"Basi mwache afagie nusu, mama."

Nilikata simu. Sikuzoea kufundishwa kazi za uwanja wangu na mtoto niliyemfundisha kutembea juu yake. Lakini neno lile la "kwenda" lilikaa nami. Mwanamke akiondoka kwenye nyumba yenye msiba mpya, na mimba tumboni, watu hawaulizi ameona nini. Wanauliza nani amemfukuza. Na kama mimba ile ingeharibika njiani, kwenye barabara zile za milimani, nisingekuwa na mahali pa kuweka uso wangu, wala mwanangu asingekuwa na mahali pa kuweka wake.

Binti yangu anakaa Mpemba, kando ya barabara kuu. Aliniita nikapumzike kwake siku chache, akisema huenda nyumba ndiyo inayoniamsha. Nilikwenda nikiwa nimevaa koti lile lile, kwa sababu ya baridi ya njiani. Nikafunga mlango wa nyumba yangu kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Kule Mpemba malori huunguruma mpaka asubuhi, yakisubiri zamu ya kuvuka mpaka. Wenyeji hulala fofofo. Mimi niliamka saa ile ile, nikakaa barazani na koti langu, nikitazama taa nyekundu za matela zikijipanga hadi zinapopotea. Mjukuu alinikuta hapo akasema, "Bibi, unamsubiri nani?" Nilimwambia arudi kulala.

Nilirudi Iyula mchana. Pikipiki iliponishusha nilimkuta mkwe wangu ameketi mlangoni kwa jiko, na kando yake furushi lililofungwa kwa kitenge. Alikuwa amefagia uwanja wote. Alikuwa ananingoja tu, nyumba isiachwe bila mtu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Nyumbani ni hapa."

"Hapa pana mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

Akatikisa kichwa polepole, bila ufedhuli. Midomo yake ilikuwa imekauka. Nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia atakwenda akitaka, sitamfunga kamba, lakini hataondoka kwenye uwanja wangu bila kuniambia anakimbia nini. Alikuwa anatafuta njia ya kumtaja mtu ambaye haruhusiwi kumtaja.

"Anayetoka alfajiri," akasema mwisho.

"Anayetoka alfajiri ni mimi."

Aliinua macho. "Wewe, mama?"

"Mimi. Muuguzi ameniagiza. Ulidhani nani?"

Ndipo akanieleza, akiangalia mikono yake, jinsi mume wangu alivyokuwa akitoka. Komeo liliinuliwa likagonga ukuta mara moja. Kisha ilikuwapo kimya kidogo, halafu kikohozi. Kisha fimbo kwenye mwimo wa mlango. Mzee alifanya hayo yote kwa makusudi, ili yeye aliyekuwa anafagia apate nafasi ya kujificha nyuma ya jiko kabla hajatoka. Kisha zilisikika gambuti zikipita uwanjani, kisigino kimoja kikiburuta, kuelekea kwenye vichanja. Zikishapita, alirudi kumalizia. Hakuwahi kuuona uso wake hata siku moja. Kwake yeye baba mkwe alikuwa ni sauti hizo, basi. Na baada ya kumzika, katika baridi lile, sauti hizo zilianza tena kutoka, kwa mpangilio ule ule, saa ile ile.

Nilimsikiliza kwa namna ambayo sijawahi kumsikiliza mtu. Mke wa mwanangu alikuwa ananisimulia asubuhi za mume wangu, na mimi niliyekuwa ndani ya nyumba ile ile sikuwa nazo hata moja.

"Komeo nainua mimi," nikamwambia. "Mlango ule hauna njia nyingine ya kufunguka. Nakohoa kwa sababu baridi linaingia kifuani. Fimbo ni ya mbwa."

"Na kisigino, mama?"

"Gambuti ni kubwa. Zinanivuka."

Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika, na nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kumbe miezi yote nimekuwa nikimkimbia mama mkwe, na mimba yangu, hadi kwenye migomba."

"Na kuniachia majani."

"Na kukuachia majani," akasema, akifuta macho.

Nami nilicheka, jambo ambalo wajukuu wangu hawatalisadiki. Kisha nikaona kicheko chake kinaisha kabla ya changu. Alikuwa anatazama koti nililovaa.

"Mama, umerudi lini kutoka Mpemba?"

"Si umeniona nikishuka kwenye pikipiki?"

"Nimekuona. Basi jana asubuhi…"

Hakumalizia.

Nikamwambia labda ni upepo.

"Upepo haukohoi, mama."

Mlango wangu ulikuwa bado na kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, ndani ya koti ambalo lilikuwa Mpemba pamoja nami. Nilisimama nikaenda nikaufungua, nikaingia peke yangu. Komeo lilikuwa pembeni mwa mlango, nilipoliacha. Kitanda kilikuwa kama nilivyokitandika. Sitasema kilichomtoa mtu huyo au kama alitoka. Nasema tu kwamba nilipokuwa nimesimama mle ndani niliona wivu kabla ya kuona hofu. Kama alikuja, alikuja nisipokuwapo. Na hata ningekuwapo, huenda angechagua saa ambayo nimelala.

Nilipotoka, nilimwomba simu nikampigia mama yake Ileje. Tuliamkiana, tukaulizana mazao na baridi. Kisha nikamweleza bila kuficha.

"Mkwe mwenzangu," akasema, "siku ya kumuaga marehemu, mwanangu alimuaga?"

"Alikuwa nyuma ya jiko, kwenye sufuria za msiba."

"Hakupelekwa mbele ya jeneza?"

"Hatukumpeleka. Tulijua mwiko wenu, tukauheshimu."

Akashusha pumzi ndefu. "Na sisi tuliokuja tulijua yuko mikononi mwenu, hatukutaka kuamrisha kwenye msiba wa watu. Kwetu sisi, baba mkwe akifa, mwiko unakufa naye. Mama mkwe humshika mkono binti, wakaenda pamoja, binti akamwamkia mara ya kwanza na ya mwisho. Asipomwamkia, wanabaki wanapishana."

"Wanapishana mpaka lini?"

"Mpaka amwamkie, dada yangu. Mimba imefikia wapi?"

Nikamwambia. Akasema nisingoje.

Usiku huo nilimlaza kwangu, furushi lake likiwa bado limefungwa, kwa sababu sikutaka kumlazimisha kulifungua. Sijui nani kati yetu alilala. Saa ilipofika niliamka, nikamkuta ameketi tayari, amejifunga kanga mbili. Nilimwachia koti. Mimi nikajifunga blanketi. Nikainua komeo, na nilimwona anashtuka lilipogonga ukuta, ingawa aliyeliinua alikuwa mbele ya macho yake.

Tulipita kati ya mibuni, nikimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Ukungu ulifunika kaburi hata msalaba haukuonekana mpaka tulipoufikia. Alisimama kando, uso ameugeuza, kama alivyozoea. Nikamwambia ageuke. Hakugeuka.

"Mtazame," nikasema. "Mwenye nyumba amekuruhusu."

"Mwenye nyumba ndiye huyu, mama."

"Huyu hakuwahi kunikatalia jambo la uwanjani. Geuka."

Akageuka kidogo kidogo, kwanza bega, kisha kidevu. Akapiga magoti kwa shida, kwa ajili ya tumbo. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Shikamoo, baba."

Kisha tukangoja. Najua ni upuuzi, na nimewaonya watoto wangu maisha yangu yote dhidi ya upuuzi, lakini tulingoja sote wawili, kwa adabu, kama mtu anavyomngoja mzee asiyesikia vizuri. Umande ulidondoka kutoka majani ya mbuni. Mbali, upande wa barabara, lori lilikuwa linapanda mlima. Mkwe wangu aliendelea kupiga magoti. Nikatambua kwamba hatainuka. Alikuwa amelelewa hivyo, mtu haondoki kabla hajaitikiwa, na ningemwacha angeendelea kukaa pale mpaka jua litoke, yeye na mtoto wake, kwenye udongo ule wa baridi.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu."

Sikuigiza sauti ya mtu. Lakini ilitoka nzito, kutoka kwenye kifua kile kilichoumwa na baridi, na wala mimi sikuitambua. Aliinamisha kichwa hadi udongoni. Kisha akanipa mkono nimwinue.

Tulirudi. Alipita jikoni bila kuwasha moto, akapita furushi lake bila kuligusa, akaingia chumbani kwangu akajitupa kitandani, upande ule uliozoea kuwa baridi, na koti mwilini. Nilipomfunika alikuwa ameshazama.

Jua lilipanda. Nikakoka moto mwenyewe. Jirani alikuja kuazima ungo, akatazama huku na huku, kwa maana hakuna jambo linaloonekana mapema kama mkwe asiyeonekana.

"Mkwe wako ameondoka kweli? Nilisikia anaondoka."

"Amelala."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amelala. Na wewe punguza sauti."